Spika Mpya za Wanafunzi: Kabla ya Wati, Tuulize Krosova

Hoja ya kununua mfumo mpya wa sauti imefika kwenye bunge la wanafunzi, na kwa namna mambo yanavyokwenda itapita bila mtu kuuliza swali la maana. (Spika wa bunge letu asinielewe vibaya, leo nazungumzia spika za aina nyingine.) Pendekezo lenyewe ni fupi: kabati zetu za zamani ziuzwe kama chakavu, zinunuliwe spika nne za plastiki zenye amplifaya ndani yake, zile unazochomeka ukutani na kuunganisha simu kwa Bluetooth. Hoja inataja inchi za wufa. Inataja wati, tena mara tatu. Krosova haitajwi kabisa. Mimi napinga, na kwa kuwa fedha zenyewe zinatoka kwenye mchango tunaotoa sote, aliyewahi kuishika maiki na asiyewahi, naomba tubishane kabla hazijatoka.

Tukubaliane kwanza tatizo ni nini. Mfumo tulionao unapiga. Kwenye beshi ya kuwapokea mwaka wa kwanza hakuna aliyelalamika, vioo vya hosteli vilitetemeka na watu wakarudi vyumbani wamelowa jasho. Lakini kwenye mkutano mkuu wa kujadili kuchelewa kwa bumu, waliokaa nyuma na pembeni walisikia ngurumo tu. Waliuona mdomo wa waziri wa mikopo ukicheza, wakapiga makofi kwa sababu waliokaa mbele wamepiga, na azimio likapita. Ukimuuliza leo mtu wa safu ya nyuma aliunga mkono nini, atakwambia aliunga mkono besi.

Sasa linganisha na gari la matangazo, lile linalopita mtaani na honi moja juu ya paa likitangaza mechi, msiba au dawa ya kunguni. Besi hamna. Mlio wenyewe ni wa puani kama mtu mwenye mafua. Lakini uko ndani, dirisha umefunga, na bado unalisikia jina la marehemu na saa ya mazishi. Simu za mezani zilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 peke yake, na watu walichumbiana kwa hizohizo. Maneno yanakaa katikati na juu kidogo. Vokali ndizo zenye nguvu, ila konsonanti ndizo zinazobeba maana, na sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika kuanzia hezi 1,000 kwenda 4,000, nyingine hata juu ya hapo. Kiswahili chetu kinaliweka hili wazi: pata, paka, pasa na pacha zina vokali zilezile. Thamani na samani zinatenganishwa na mpumuo mdogo wa ulimi tu. Ukipoteza masafa hayo, "tutakata rufaa" na "tutataka rufaa" vinakuwa kitu kimoja, na kwenye mkutano wa wanafunzi hivyo si kitu kimoja hata kidogo.

Anayeyalinda masafa hayo ni krosova. Kazi yake ni kugawa. Sikio la kijana linasikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000, na hakuna spika moja inayoweza kuyabeba yote hayo kwa sauti ya kujaza uwanja. Wufa ya inchi 15 ina koni nzito ya kusukuma hewa nyingi. Ukiitaka itetemeke mara elfu kumi kwa sekunde, inashindwa. Twita ya honi ina kiwambo chepesi kinachosogea sehemu ndogo ya milimita; ukiipelekea besi, inakufa. Kwa hiyo sauti inagawanywa, nzito inakwenda kwa wufa na nyembamba kwa twita. Kinachobaki ni kuamua ugawaji ufanyike wapi.

Ukifanyika baada ya amplifaya, ndani ya kabati, kwa koili na kapasita, hiyo ni krosova ya pasivu. Haichomekwi popote, inafanya kazi kwa umeme uleule wa sauti unaotoka kwenye amplifaya. Koili inazuia mawimbi ya juu, kapasita inazuia ya chini. Ukifanyika kabla ya amplifaya, ishara ikiwa bado ndogo, ya volti moja hivi, kwa saketi yenye chipu na umeme wake yenyewe, hiyo ni krosova ya aktivu. Hapo kila kundi la masafa linadai amplifaya yake: besi na yake, juu na yake.

Nilipata ruhusa ya kufungua kabati zetu mbili. Wufa imeungwa moja kwa moja kwenye waya unaotoka nje. Hakuna koili. Twita ina kapasita moja tu, imening'inia kwenye waya wake na kufungwa kwa selotepu. Hiyo ndiyo krosova yetu yote.

Kapasita yenyewe ni ya mikrofaradi 10, na kwa twita ya omu 8 mpaka wake unaangukia karibu na hezi 2,000. (Moja, gawanya kwa 2π mara masafa mara omu. Mtu yeyote aliyefaulu fizikia ya kidato cha sita anaweza kuihakiki kwenye simu yake.) Namba si mbaya. Ubaya ni kwamba kapasita moja inakata taratibu mno, desibeli 6 kwa kila oktavu. Chukulia muziki ambao juu ya mpaka ungeipa twita wati 100. Kwenye hezi 1,000, mahali ambapo twita haina biashara, kapasita yetu bado inaipitishia wati 20. Krosova ya desibeli 24, ile inayoitwa Linkwitz-Riley, kwenye hezi hizohizo inapitisha kama theluthi moja ya wati. Wati 20 dhidi ya theluthi ya wati! Ndiyo maana kila baada ya beshi kubwa twita zinabadilishwa, na katikati ya kufa na kubadilishwa tunafanyia mikutano mfumo ambao hauna juu kabisa.

Jina hilo linatokana na Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wawili wa Hewlett-Packard. Linkwitz alichapisha makala mwaka 1976 kuhusu krosova za aktivu kwa spika ambazo haziko sehemu moja, yaani spika zote za kawaida, maana wufa iko chini na twita iko juu. Hoja yake ni kwamba haitoshi kila mmoja apige vizuri kwa upande wake. Pale kwenye mpaka wote wawili wanapiga noti moja kwa wakati mmoja, na wasipokwenda pamoja wanafutana. Kwenye mpangilio wake kila mmoja anashuka desibeli 6 hasa kwenye mpaka, wakijumlishwa wanarudi sawa. Utamu wa jambo hili unaonekana hata kwenye toleo dogo la desibeli 12, ambalo twita yake inatakiwa iungwe kinyume, chanya kwa hasi. Ukiiunga "sahihi" unapata shimo palepale kwenye mpaka. Na mpaka ukiwa hezi 2,000, shimo limechimbwa katikati ya konsonanti za waziri.

Tukirudi kwenye wufa isiyo na koili. Inaachwa ipande kadiri inavyoweza, na inapopanda inaanza tabia ya tochi. Wimbi la hezi 2,000 lina urefu wa takriban sentimita 17. Wufa ya inchi 15 ina upana wa sentimita 38. Chanzo cha sauti kikiwa kipana kuliko wimbi lake, sauti haisambai, inakwenda mbele kama mwanga wa tochi. Aliyekaa mbele ya kabati anapata maneno, aliyekaa pembeni anapata besi, kwa sababu mawimbi ya besi ni marefu, yanazunguka kila kona. Mkutano mzima unagawanyika: wanaosikia na wanaohisi.

Msimlaumu fundi. Mafundi wetu, wa Kariakoo na wa kwingineko, wanatengeneza kile mteja anacholipia, na mteja wa Kitanzania anauliza mambo mawili: inchi ngapi, wati ngapi. Koili ni shaba, na shaba ni bei. Fundi akiweka krosova kamili kabati lake linakuwa ghali kuliko la jirani, kwa macho yanafanana, mteja anakwenda kwa jirani. Nimekutana na mafundi wanaoweza kukusukia koili nzuri kwa mkono na kukutajia milihenri zake, ila wanakaa siku nyingi bila mtu kuwaagiza. Serikali ya wanafunzi, yenye bajeti na watu waliosoma, ilikuwa na nafasi ya kuwa mteja wa aina nyingine. Ikaandika inchi na wati.

Kwa hiyo pasivu ni nzuri? Kwa mpaka wa juu, ndiyo, ikitengenezwa kwa hesabu. Kwa omu 8 na hezi 2,000 koili unayohitaji kwa krosova nyepesi kabisa ni ya milihenri 0.64, kigurudumu kidogo kinachoenea kiganjani. Shuka sasa mpaka hezi 100, pale ambapo sabwufa inaachana na spika za juu. Koili inakuwa ya milihenri 12.7 na kapasita ya mikrofaradi 200, yaani mara ishirini. Ukisuka koili hiyo kwa waya mnene, unabeba mzigo wa shaba na kulipa bei yake. Ukitumia waya mwembamba, ukinzani wake unakula nguvu na kuiacha koni ikiyumba bila mshiko. Ukiweka kiini cha chuma ili upunguze shaba, chuma kinashiba umeme ukizidi na sauti inakwaruza pale pale unapoihitaji. Kuna na jambo la joto. Shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Koili ya ndani ya wufa ikifika nyuzi 200, jambo la kawaida usiku wa beshi, ukinzani wake umepanda kwa kama asilimia 70. Krosova iliyopigiwa hesabu ya omu 8 inajikuta inahudumia mtu mwingine kabisa.

Krosova ya aktivu haina matatizo hayo. Haioni koili ya wufa, inaona mlango wa kuingilia amplifaya, ambao haubadiliki usiku kucha. Mpaka wa hezi 100 unawekwa kwa vipuli vidogo na chipu za kawaida kama TL072 au NE5532. Halafu kuna faida ambayo watu wengi hawaijui mpaka waione kwenye karatasi. Chukua ishara mbili, besi na sauti ya mtu, kila moja ikifika kilele cha volti 20. Kwenye amplifaya moja vilele vikikutana vinakuwa volti 40, na kwa mzigo wa omu 8 hiyo ni amplifaya ya wati 100. Zitenganishe kwa krosova ya aktivu, kila amplifaya itahitaji volti 20 tu, ambayo ni wati 25. Mbili za wati 25 zinabeba vilele vilevile vilivyodai wati 100.

Ila kwa mikutano faida kubwa ni nyingine. Amplifaya ikizidiwa inakata vichwa vya mawimbi. Ikiwa besi na sauti ya MC vinapita kwenye amplifaya moja, besi ikizidi inamkata MC vilevile, na takataka zinazozaliwa na mkato huo, ambazo ni masafa ya juu, zinakwenda moja kwa moja kwenye twita. Zikitenganishwa, besi ikizidi inajichafua yenyewe. Sauti ya mtu inabaki safi juu yake.

Basi si tununue zenye amplifaya ndani, ambazo ni aktivu tayari? Hili ndilo jibu nililopewa na kila mjumbe niliyeongea naye, na si jibu la kijinga. Spika hizo nyingi zina krosova nzuri ya kidijitali. Aliyeitengeneza anaijua wufa yake na twita yake, ameweka mpaka panapostahili, amechelewesha upande mmoja kwa sehemu ya milisekunde ili vyote viwasili pamoja, na ameweka kizuizi ili asiyejua asiziue. Kwa semina ya watu sitini sitabishana na mtu. Idara inunue moja, iikokote kwa mkono, kazi iishe.

Wasiwasi wangu ni uwanjani, na kwa miaka inayofuata. Spika ya aina hiyo imefunga mambo yote kwenye ubao mmoja nyuma ya kabati: umeme, amplifaya, kichakataji. Ubao unakaa ndani ya boksi linalotetemeka, kwenye joto, kwenye vumbi, kwenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, siku nyingine kwenye jenereta ambayo hakuna aliyeipima volti. Kipuli kimoja kikifa, kabati zima limekufa. Mchoro wa saketi huupati. Fundi anaufungua, anatikisa kichwa, anakwambia agiza ubao mpya, na ubao huo wakati mwingine umeshaacha kutengenezwa. Amplifaya ya kwenye raki ikifa unachomoa waya mbili, unaweka nyingine, mkutano unaendelea. Hata waya tu ni hesabu: spika yenye amplifaya inadai kebo mbili, ya ishara na ya umeme wa volti 230, kila moja imelazwa kwenye nyasi zinazokanyagwa na watu elfu, na mvua za masika mnazijua. Ya pasivu inadai kebo moja ya spika.

Na zile wati. Namba kubwa iliyochapwa kwenye katoni mara nyingi ni wati za kilele, si za kuendelea. Kwenye hoja ya bunge imenakiliwa kama ilivyo.

Wapo watakaosema, vizuri, basi twende aktivu kamili ya raki, kila spika na amplifaya yake hadi twita. Kwa kusikiliza, hiyo ndiyo inayopiga vizuri kuliko zote. Kwa chuo, naiogopa. Kwenye mfumo huo twita haina ulinzi wowote kati yake na amplifaya. Mtu akibadilisha kebo ya chini na ya juu, na kwenye haraka ya saa kumi na mbili jioni atabadilisha, besi nzima inaingia kwenye kiwambo chenye uzito wa manyoya. Twita imekwisha kabla MC hajasema "hodi". Hata kishindo cha kuwasha kinatosha. Wenye kazi yao wanaweka kapasita ya ulinzi na plagi za Speakon zilizopangwa ili kosa hilo lisiwezekane. Sisi tunabadilisha uongozi kila mwaka, na anayefunga mitambo ni yule aliyekuwa karibu.

Kwa hiyo rai yangu ni mchanganyiko, na naona unatufaa kuliko ncha zote mbili. Spika za juu ziwe za pasivu, zenye krosova kamili ndani, yenye koili na kapasita za kweli, isiyopungua desibeli 12 upande wa wufa na 18 upande wa twita, mpaka uwe chini ya hezi 2,000. Ziwe za inchi 12, si 15. Najua 15 inaonekana ya kiume zaidi, ila 12 inasambaza maneno upana zaidi kabla ya kukabidhi kwa honi, na besi hatuitaki kwake. Besi ziwe kabati zake peke yake, na kati ya makundi hayo mawili kuwe na krosova ya aktivu kwenye raki, mpaka hezi 100 au karibu na hapo, desibeli 24. Mtu akikosea kebo kwenye mpangilio huu, atasikia sauti mbaya, atarekebisha. Hakuna kitakachokufa.

Na kabati za zamani zisiuzwe. Mbao zake ni plaiwudi nzima, wufa zake zinapiga. Kilichozishinda ni kufanyishwa kazi ya kuongea. Zikiachiwa hezi 100 kwenda chini, huenda ndizo besi tunazozitafuta, na fedha za sabwufa tukaziokoa. Sisemi hivyo kwa imani. Zipimwe. Programu ya kupimia kama Room EQ Wizard ni ya bure, maiki ya kupimia maabara zipo, na wapo wanafunzi wa mwaka wa nne wanaohangaika kutafuta mradi. Krosova ya aktivu yenyewe ni saketi ya chipu mbili tatu, mtu wa elektroniki ataijenga, ataipima, atapata alama zake, na sisi tutapata kifaa ambacho mchoro wake upo kabatini mwetu. Kila mwaka miradi mizuri inaishia kwenye makabati ya idara ikila vumbi, wakati uwanja uko hatua mia mbili kutoka maabara.

Pingamizi moja nalikubali: vitufe. Krosova ya raki ina vitufe, na DJ akiona kitufe atakizungusha, hiyo ni asili. Mpaka uliowekwa hezi 100 utakuta uko 250 na sabwufa inaongea Kiswahili. Dawa yake ni kifuniko cha bati na skrubu nne, na karatasi ya makabidhiano inayosema nani ana bisibisi. Saketi tukijenga wenyewe, hata vitufe hatuweki.

Watu wa sinema walilijua hili zamani. Altec Lansing walipotoa spika zao za kumbi za sinema mwaka 1945, ziliitwa Voice of the Theatre, sauti ya ukumbi, na mpaka wao waliuweka chini kabisa, hezi 500, ili honi ibebe karibu mazungumzo yote. Honi zilikuwa kubwa mno, nyuma ya pazia hakuna aliyejali. Walikuwa wanauza maneno. Mteja akikosa kusikia mwigizaji amesema nini, harudi wiki ijayo.

Naiomba kamati ya fedha iirudishe hoja na iandike upya kifungu cha vifaa: masafa ya mpaka, mteremko kwa desibeli, wati za kuendelea badala ya za kilele, na viwambo vya akiba vya twita viwe kwenye bei ileile. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo manne asikaribishwe. Na kabla ya malipo kuwe na jaribio uwanjani. Mtu mmoja apande jukwaani na orodha ya majina hamsini ya wanachuo, ayasome kwa mwendo wa kawaida, besi ikiwa inapiga chini yake. Watu wanne wasimame nyuma na pembeni, mbali kabisa, na daftari, kila mmoja aandike majina anayoyasikia. Orodha zilinganishwe palepale, mbele ya muuzaji. Hundi isainiwe baada ya hapo.